Nishani Zisizohitaji Fundi

Tangu nifunge kazi mwaka jana, kila nikipita Litein siku ya soko ninyi mafundi wangu mnaniita dukani, mnanipa kiti, halafu mnaanza kunidadisi. Mama Cherono, kitambaa hiki kinakatwa vipi? Mama Cherono, mteja huyu tumfanyeje? Daktari wa macho amenikataza sindano, lakini hakunikataza kalamu, kwa hiyo nimeona heri niandike yote mara moja ili siku nyingine nikija nije kunywa chai tu. Msitafute humu habari za pesa. Fundi anayesimulia pesa zake ama anadanganya ama anataka kukopa. Nitaandika juu ya kazi, juu ya mzee aliyenifundisha, na juu ya siku Kamanda Sigilai wa Merigi alipotuletea nishani zake za vita. Habari hiyo mmeisikia sokoni vipande vipande, na kila aliyeishika ameitia chumvi yake. Mimi nilikuwapo.

Niliingia kwa Mzee Ombati nikiwa nimetoka shule juzi tu. Mzee alikuwa Mkisii wa ng'ambo ya Sotik. Alikuja huku ujanani kuchuma majani chai katika mashamba makubwa, na jioni akawa anawashonea wenzake makoti yaliyoraruliwa na matawi, hadi siku moja akagundua kwamba wanaomngoja na makoti ni wengi kuliko wanaomngoja na vikapu. Akaja Litein na cherehani ya kukanyaga na hakurudi shambani tena. Wajomba zangu walimuuliza baba kwa nini binti wa Kipsigis apelekwe kufundishwa na Mkisii, kana kwamba kwetu hakuna mafundi. Baba akawajibu kwamba suruali haiulizi kabila la aliyeishona, ila inajua kama alikuwa makini. Wakanyamaza, maana wote watatu walikuwa wamevaa suruali za Mzee Ombati.

Siku ya kwanza sikushika hata cherehani. Mzee alinipa koti kuukuu la askari na wembe, akaniambia nifumue. Nilifumua kola, nikafumua mabega, nikafumua bitana, nikafika mwisho nikidhani nitasifiwa. Akanipa koti lingine. Nilifumua siku nyingi mpaka nikaanza kuota nafumua, na mama akaniuliza nyumbani kama kweli huko ndiko kunafundishwa kushona ama ni kuharibu.

Nilipomuuliza Mzee, alijibu bila kuinua macho. "Hakuna mtu anaweza shona kitu hajui imeshikwa wapi. Endelea."

Hatimaye aliniruhusu kukata. Nikashika makasi kwa mikono miwili, ulimi nje. Akaja akasimama nyuma yangu. "Wewe msichana," akasema, "hiyo ni kukata ama ni kutafuna?" Aliniita msichana siku hiyo, akaniita msichana nilipoolewa, na akaendelea kuniita hivyo hata wajukuu wangu walipoanza kuja dukani kuomba vipande vya nguo. Sikumbuki kama aliwahi kunisifu waziwazi. Akiridhika na kazi alikuwa anaitundika ukutani bila kusema kitu, na asiporidhika alikuwa anakurudishia wembe.

Vyombo vyake mnavijua, maana ndivyo mnavyotumia. Yale makasi makubwa hayakati karatasi. Nawaambia tena kwa sababu juzi nimeona mmoja wenu akikatia karatasi ya unga. Pasi ya makaa msiitupe, hata mkiwa na ya stima, kwa sababu stima ya Litein ina hiari yake. Na kitambaa kizito cha sare kilowekwe kwanza, kianikwe, kisha ndipo kikatwe. Huku kwetu ukungu unaingia kwenye kitambaa kama mgeni asiyebisha hodi, na koti ulilolishona likiwa sawa Jumatatu linaweza kumbana mwenyewe ifikapo Ijumaa. Ingawa si kila koti linalobana ni kosa la kitambaa. Tulikuwa na chifu mmoja tuliyempima alipoteuliwa, na alipokuja kuchukua sare, tumbo lilikuwa limeshapata cheo cha juu zaidi. Alitulaumu sisi. Mzee akamwambia kwa heshima zote, "Chifu, tepu yangu haikudanganya. Ilikupima mapema tu."

Sare ndiyo iliyotupa jina. Tulishonea walinzi wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwandani, kwaya, skauti, bendi za shule na wanafunzi wa shule kadhaa kuanzia hapa hadi Sotik. Na kutokana na sare tukaangukia kwenye nishani. Wazee waliotoka jeshini walikuwa wanatuletea nishani zao kabla ya sikukuu za taifa, nyingine zikiwa zimefungwa kwenye leso, nyingine zikiwa na utepe ulioliwa na panya. Mzee alijifunza kazi hiyo kwa kufumua, kama alivyojifunza kila kitu. Alifumua kazi ya fundi wa jeshi, akaona jinsi utepe unavyokunjwa juu ya kipande cha chuma, jinsi nishani inavyoning'inia bila kugongana na jirani yake, jinsi ile kubwa inavyokaa karibu na katikati ya kifua. Basi ikawa kila mwenye nishani, awe wa Kericho ama wa Bomet, anaambiwa aende Litein kwa yule Mkisii.

Mzee hakuwahi kuwauliza walizipataje. Mimi nilikuwa na kiherehere cha kutaka kujua, yeye akanikanya. Alisema mtu akitaka kukuambia atakuambia wakati unampima, kwa sababu mtu aliyenyoosha mikono hana mahali pa kuficha uso.

Sasa niwaambie juu ya Jared, maana bila yeye hamtaelewa.

Jared alikuwa kitinda mimba wa Mzee. Likizo za shule alikuwa akiletwa dukani afundishwe kazi, na akawa wa kwanza kuharibu cherehani ambayo hata mimi nilishindwa kuiharibu. Alikuwa na mikono mikubwa, kicheko kikubwa na hamu kubwa ya kula. Hakupenda kukaa. Alipomaliza shule alienda kuandikishwa jeshini, na wakampeleka kwa wanamaji. Tulicheka sana dukani. Maji makubwa kuliko yote aliyokuwa ameyaona ni lile bwawa lililo chini ya kiwanda cha chai, ambalo alipigwa mara nyingi kwa kuogelea ndani yake. Mzee alikuwa anawaambia wateja, "Kijana amekataa cherehani, ameenda kutafuta samaki." Alisema kwa kulalamika, lakini picha ya Jared akiwa na sare nyeupe aliitundika mahali ambapo huwezi kuingia dukani bila kuiona.

Kisha vita vikaja, vile vya ng'ambo ya mpaka upande wa Somalia, na Jared akapelekwa huko kwa meli. Siku moja gari la jeshi likasimama nje ya duka.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwa Mzee, ng'ambo ya Sotik. Nilienda. Jeneza lililetwa na askari, limefunikwa bendera, nao walikuwa watu wenye adabu ambao walitembea vizuri na kupiga saluti vizuri. Mzee aliomba jambo moja tu. Aliomba amwone mtoto wake uso. Afisa kijana aliyekuja nao akainama na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, samahani. Sanduku imefungwa huko, haifunguliwi." Mzee akaomba tena. Afisa akarudia jibu lile lile, na nilimwona jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi.

Mnajua desturi, za Wakisii na zetu sisi Wakipsigis kwa hili hazina tofauti. Mtu hazikwi bila watu wake kumwona uso. Wazee wa ukoo walinong'ona, wengine wakasema jeneza lirudi lilikotoka. Mama Jared ndiye aliyesema mtoto azikwe, akazikwa. Lakini Mzee alirudi dukani akiwa mtu mwingine. Aliitoa ile picha ukutani. Kaburi hakulijengea, hakuliwekea msalaba. Watu wa kanisa walimsema, majirani wakamsema, na yeye akawaacha waseme.

Aliniambia mimi mara moja tu, akiwa anapiga pasi, na akaendelea kupiga pasi huku anasema.

"Msichana, mimi nilizika sanduku. Kitu iko ndani sijui. Watu walikufa wengi siku hiyo kwa maji, sasa nani alipanga huyu ni wa nani? Pengine Jared ako chini ya bahari anakuliwa na samaki. Na pengine kuna mama mahali, anangojea mtoto yake, na huyo mtoto ako kwangu, nimemfunika na mchanga yangu. Sasa mimi niandike jina gani kwa msalaba?"

Nilienda nyuma kuongeza makaa kwenye jiko na nikalia huko. Tangu siku hiyo kila mteja akiingia na kitu cha jeshi mimi nilikuwa naumia kwa ajili ya Mzee, lakini yeye alikipokea, akakishona, akakitundika. Miaka ikapita hivyo. Mimi nikawa ndiye ninayekata, yeye akabaki na kazi za mkono, na nishani hakumwachia mtu.

Kamanda Sigilai alikuja siku ya kazi, alasiri, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyomfukuza mchuma chai shambani. Nilikuwa nimemsikia kabla. Alikuwa ofisa wa wanamaji aliyestaafu na kurudi kwao Merigi kufuga ng'ombe na kuchuma majani yake mwenyewe. Watu wa huko walikuwa wanasema eti melini alikuwa mpishi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisimulia vita, na mtu asiyesimulia vita kwetu hudhaniwa alikuwa jikoni. Alipoambiwa hivyo alikuwa anacheka na kusema kwamba wapishi pia hupigana, waulizeni wanaokula.

Aliingia akichechemea kidogo, akavua kofia. Mimi akanisalimia kwa lugha yetu, chamge, nikamjibu. Akamgeukia Mzee. "Shikamoo Mzee." Kisha akatoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza. Zilikuwa nishani mbili za ushujaa, na kando yake zile za kawaida ambazo kila askari wa muda mrefu anazo. Zilikuwa zimepangwa kwenye chuma kimoja.

"Nataka mnishonee hizi," akasema.

Mzee akavaa miwani. Akazigeuza, akatazama nyuma. Akavuta utepe kwa ukucha, akaangalia mkunjo, akazitikisa kuona kama zinagongana. Mimi nilikuwa nimeshaona kabla hajamaliza. Kazi ilikuwa imekwisha kufanywa, na ilifanywa na fundi hodari. Hata uzi mmoja haukuwa umelegea.

"Hii imeshonwa na mtu anajua kazi," Mzee akasema. "Haina shida. Wewe umekuja Litein kufanya nini?"

Kamanda aliangalia mlango kama mtu anayepima umbali wake. Mzee akamsukumia nishani zake polepole mpaka upande wake wa meza.

"Kijana, mimi ni mzee. Kama ni kunijaribu, wewe jaribu hawa wengine."

"Si kukujaribu, Mzee." Akageuka kutoka mlangoni. "Wewe ndiye baba ya Jared Ombati?"

Nilikuwa nimeshika nguo ya kwaya. Niliiweka chini. Mzee hakusogea, ila mkono wake ulianza kutafuta kitu mezani, ukapata chaki, ukaishika.

"Mimi nilikuwa officer wake," Kamanda akasema. "Nimekuja hapa mara mingi. Nafika hapo kwa barabara, naona duka, narudi nyumbani. Leo nikasema nikibeba hizi nitakuwa na sababu ya kuingia."

Nilimpa kiti. Hakukaa. Alisimulia akiwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anayetoa ripoti kwa mkubwa wake, na Mzee akamsikiliza akiwa ameketi na ile chaki mkononi. Nitayaandika kama nilivyoyasikia.

Asubuhi hiyo walikuwa wanapeleka wanajeshi ufuoni kwa boti ndogo, kutoka kwenye meli. Jared alikuwa kwenye boti ya mbele, Kamanda akiongoza ya pili. Risasi zikaanza kutoka nchi kavu. Boti ya mbele ikapigwa, ikapinduka, watu wakamwagika majini pamoja na mafuta. Kamanda akaiingiza boti yake katikati yao. Waliwarushia kamba, lakini mikono ya waliokuwa majini ilikuwa imejaa mafuta na wengine walikuwa wamejeruhiwa, kamba ikawa inawaponyoka. Basi yeye akavua viatu, akaruka.

"Mama yangu alikuwa anachuma majani," akamwambia Mzee. "Anafunga kikapu na kamba inapita hapa kwa kifua, ndiyo mikono ibaki bure. Hivyo ndivyo niliwafunga. Mmoja mmoja, kwa mgongo yangu, kama kikapu. Wale kwa boti wanatuvuta."

Akawatoa wote waliokuwa bado wanapumua. Nishani ya kwanza ni ya hiyo. Jared hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amepigwa mwanzoni kabisa. Kamanda alimwona kwa mbali, amelala kifudifudi juu ya maji, na mawimbi yanampeleka kwa wale waliokuwa wanapiga risasi. Amri kwenye redio ikaja kwamba wageuze, warudi melini, wana majeruhi. Akageuza, akawafikisha majeruhi. Halafu akaomba ruhusa arudi na boti tupu.

"Waliniuliza kurudia nini. Huyo ameshakufa. Na ni kweli, alikuwa amekufa, mimi sikudanganyi." Akabadili mguu wa kusimamia. "Lakini Mzee, mimi na Jared tulikuwa tunaongea ya nyumbani. Yeye anasema chai ya Kisii ndio tamu, mimi nasema ya Bomet. Nikajiuliza, siku moja nitaenda Sotik kwa soko, nipatane na mama yake. Aniulize, wewe mlikuwa na yeye, ulimwacha wapi? Nitamwambia nilimwacha kwa maji?"

Walimruhusu mwishowe, nadhani kwa sababu alikuwa ameshawasha injini. Alienda na mtu mmoja wa kuendesha. Risasi ziliwafuata kwenda na kurudi, na moja ikamwingia paja, ndiko kuchechemea kulikotoka. Hiyo ndiyo nishani ya pili. Alipotolewa hospitalini, Jared alikuwa ameshazikwa.

Sasa Mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ulijuaje ni yeye? Pengine ulichukua mwingine."

"Nilijua, Mzee. Nilimgeuza kidogo kwa maji, nikamwona uso."

"Kwa vita. Kwa maji. Na risasi." Mzee akatikisa kichwa. "Kila mtu ananiambia ni yeye. Hata huyo alileta sanduku aliniambia ni yeye. Wewe unataka nilale vizuri. Asante. Lakini hiyo ni maneno."

Nilimhurumia Kamanda wakati huo. Alikuwa amebeba habari yake miaka yote, ameileta mpaka mezani, na ikawa haitoshi. Nikaona akikunjua mkono wake wa kulia na kuutazama.

"Nilimshika kwa suruali," akasema. "Hapa nyuma, kwa hiyo lupu ya kupitisha mshipi. Singeweza kumfunga, mguu ilikuwa inatoka damu, nilikuwa namvuta na mkono moja. Nilijua itakatika. Hizo lupu zetu zinakatika hata ukiinama. Na yeye alikuwa mzito, na amejaa maji. Lakini ilikataa kukatika. Tulipomwingiza kwa boti alilala hivyo, uso chini, na mkono yangu ikakataa kuachilia. Wakanifungua vidole huko kwa meli. Njia yote nilikuwa naangalia hiyo lupu tu, kwa sababu sikutaka kuangalia kitu ingine. Ilikuwa imeshonwa mara mingi, inapita hivi na hivi, kama msalaba."

Mzee akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Uzi ilikuwa rangi gani?"

"Mzee?"

"Hiyo uzi. Rangi."

"Maroon," Kamanda akasema. "Nilishangaa, kwa sababu suruali ni ya kijani. Maroon, kama sweta ya shule."

Nami nilikumbuka. Likizo yake ya mwisho Jared alikuja dukani na suruali yake ya kazi ambayo lupu zake zilikuwa zimeng'oka, na Mzee akasema kwamba aliyezishona hakutarajia zivaliwe na mtu mwenye makalio. Uzi wa kijani ulikuwa umekwisha. Kwenye cherehani ulikuwapo uzi wa rangi ya damu ya mzee, ndiyo hiyo maroon, maana tulikuwa tunashona sweta za shule. Jared alilalamika kwamba wenzake watamcheka. Mzee akamwambia koti litafunika, akazishona zote upya kwa mkono, akapita juu na chini na kukatiza mpaka sindano ikakataa kupita.

Mzee alijaribu kumweleza Kamanda haya yote. Alianza Kiswahili, akaingia Kikisii, akarudi Kiswahili, akashindwa. Mimi ndiye niliyemalizia. Kamanda akakaa kwenye kile kiti hatimaye, akafunika uso kwa kofia yake.

"Mimi miaka yote nilikuwa nasema ni Mungu alishika hiyo lupu," akasema kutoka ndani ya kofia.

"Mungu alikuwa," Mzee akamjibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyapangusa. "Lakini uzi ilikuwa yangu."

Wakalia wote wawili, na mimi nikalia, na mteja aliyekuja kuchukua nguo ya kwaya akafungua mlango, akatuona, akaufunga taratibu. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu Kamanda saa hiyo. Kuna ushujaa wa kuingia majini risasi zikilia, na nchi imemlipa kwa huo. Lakini kuingia mlango ule kumkabili baba, baada ya kurudi nyumbani mara nyingi bila kuweza, kwa huo hakuna nishani. Na Mzee naye. Alikuwa ameshonea miaka mingi nishani za watu waliorudi salama, huku hajui amezika nani, na hakuna hata moja aliyoishona vibaya.

Hawakuchelewa kujenga kaburi. Fundi wa mawe alikuja, wakaweka saruji na msalaba, na jina likaandikwa lote. Mzee alimwalika Kamanda na kumwambia avae nishani zake. Nilienda na Kamanda kutoka Litein. Mama Jared alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Alipomwona Kamanda akishuka kwenye gari, alimwendea, akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akakaa nao hivyo.

Baada ya sala, watu wakiwa bado wamesimama, Kamanda alisogea mbele. Akaifungua ile nishani ya pili kutoka kwenye chuma chake, akamwendea Mzee na kuinyoosha mbele yake.

"Mzee, hii ni ya Jared. Mimi niko na ile ingine. Hii ikae hapa kwenu."

Mzee aliichukua. Akaigeuza kuangalia nyuma, kwa mazoea tu, halafu akamsogelea Kamanda, akatoa sindano iliyokuwa imechomekwa kwenye kola ya koti lake pamoja na uzi wake, akaanza kuirudisha mahali pake, pale pale kifuani, Kamanda akiwa amesimama wima kama anapigiwa wimbo wa taifa. Alishona bila haraka.

"Hapana," akasema alipokuwa anakata uzi kwa meno. "Hii walikupatia kwa sababu ulinirudishia mtoto. Sasa ukinipatia na hii, nitakuwa nimelipwa mara mbili. Mimi ni fundi. Sijawahi kulipisha mtu mara mbili kwa nguo moja."

Akamnyoosha kola, akamtazama kutoka juu mpaka chini kama anavyotazama kazi kabla haijatoka dukani. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Jared, lete chakula," akasema. "Mgeni wa Jared amefika."